Foleni ya tarakilishi maktabani na masaibu ya mwanafunzi wa Changamwe

MWANAFUNZI wa chuo kikuu anayeishi Magongo au Chaani, katika eneo la Changamwe, husafiri mwendo wa kuchosha kabla ya kuketi mbele ya tarakilishi ya maktaba. Hupanda matatu inayojikokota nyuma ya malori ya makasha, akapita Kibarani na kuvuka Makupa, kisha akatafuta gari jingine la kumfikisha Tudor au katikati ya mji. Akifika na kukuta viti vyote vimekaliwa, hana budi kuandika jina lake kwenye orodha na kungoja zamu.

Foleni hiyo si jambo geni. Jambo geni ni kwamba huenda siku si nyingi pasiwe na chochote cha kupangia foleni.

Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa bila malipo masahihisho ya usalama kwa programu yake ya Windows 10, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiendesha tarakilishi za afisi, shule na maktaba duniani. Mashine nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 haziwezi kupokea Windows 11, hata kama bado zinafanya kazi barabara. Kwa msimamizi wa maktaba ya chuo cha umma, tarehe hiyo ilileta swali moja zito: anunue mashine mpya, abadilishe programu katika zile alizo nazo, au aziondoe na kuwaambia wanafunzi waje na vipakatalishi vyao?

Chaguo la tatu ndilo rahisi zaidi katika karatasi za bajeti. Halihitaji zabuni wala fundi. Vyuo vikuu vya umma vinalemewa na madeni ya mabilioni ya shilingi, na tangu 2023 vimekuwa vikiyumbishwa na mfumo mpya wa ufadhili ambao Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, kabla ya Mahakama ya Rufaa kusimamisha uamuzi huo mwaka uliofuata. Katika hali hiyo, hoja ya kutandaza wi-fi na kuachana na tarakilishi za mezani inavutia. Lakini hoja hiyo inahamisha gharama ya mashine kutoka kwa chuo hadi kwa mzazi, na mzazi wa Chaani anayefanya kibarua bandarini si sawa na mzazi wa Nyali.

Kabla ya kukubali hayo, inafaa kutazama jinsi utaratibu wa tarakilishi za maktaba ulivyoanza, kwani sheria nyingi zinazowakera wanafunzi leo zilitungwa kwa sababu ambazo zimekwisha kutoweka.

Chuo kikuu cha umma chenye makao yake makuu mjini Mombasa ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM), kilichoko Tudor. Chimbuko lake ni Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoasisiwa 1948 ili kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya ufundi kwa watu wote, 1972 ikageuzwa kuwa Mombasa Polytechnic, 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na Januari 2013 ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Katika miongo hiyo Changamwe nayo ilikuwa ikijengwa kuwa eneo la viwanda: kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi 1963 na kusitisha usafishaji 2013, mitambo ya umeme ya Kipevu, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Moi, na maghala yasiyohesabika. Watoto wa wafanyakazi wa huko ndio waliotarajiwa kwenda Tudor kusomea ufundi na kurejea na stakabadhi za uhandisi.

Nchi nzima, intaneti iliingia vyuoni kwa tabu. Mtandao wa Elimu wa Kenya, KENET, uliundwa 1999 ili kuviunganisha vyuo, lakini mawasiliano yote ya kwenda ng'ambo yalipitia setilaiti. Kila megabiti moja ililipiwa maelfu ya dola kwa mwezi, na chuo chenye maelfu ya wanafunzi kiligawana kiasi ambacho leo nyumba moja ya kupanga ingekiona kidogo.

Ndipo zikazaliwa zile kanuni mashuhuri. Nusu saa kwa kila mtu. Jina kwenye daftari la mkutubi, kitambulisho mezani. Marufuku kupakua muziki, marufuku kutazama video, marufuku soga. Mafundi waliweka seva ya kuhifadhi kurasa zilizokwisha kufunguliwa, ili mtu wa pili akiziomba zisisafirishwe tena kutoka ng'ambo. Baadhi ya vyuo barani Afrika vilipokea eGranary, maktaba ya kidijitali iliyobuniwa na mradi wa WiderNet wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani: diski kuu yenye mamilioni ya kurasa zilizonakiliwa kwa idhini ya wenyewe, zikasomwa bila kuunganishwa na intaneti hata kidogo. Ulikuwa ujanja wa kimaskini, lakini ulifanya kazi.

Kwa wakati ule, kanuni ya nusu saa ilikuwa ya haki. Kilichokuwa adimu ni njia ya mawasiliano, na aliyekuja maktabani alikuja hasa kusoma baruapepe. Dakika thelathini zilimtosha.

Kisha Juni 2009 mkonga wa mawasiliano wa TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, ukazinduliwa Mombasa na Rais Mwai Kibaki. Mwezi uliofuata mkonga wa SEACOM ukaanza kazi, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Yote hiyo hutia nanga Mombasa. Kwa mara ya kwanza mji huu ukawa mlango wa mawasiliano wa Kenya na majirani zake wasio na bahari, kama ulivyokuwa mlango wa biashara kwa karne nyingi. Bei ya kupitisha data iliporomoka.

Hapo ndipo uadimu ulipohama. Kilichokosekana sasa kilikuwa kiti, mashine inayofanya kazi na saa za maktaba kuwa wazi. Hata hivyo, katika maktaba nyingi daftari la nusu saa lilibaki mezani kana kwamba hapajatokea lolote.

Ni muhimu kuelewa mwanafunzi wa sasa hufanya nini anapoketi hapo. Hujiandikisha kwa masomo ya muhula. Hujaza maombi ya mkopo wa HELB, hulipia huduma za serikali kupitia eCitizen, huwasilisha kazi ya mhadhiri kabla ya saa sita za usiku, na mara nyingine hufanya mtihani unaochukua saa mbili au tatu bila kukatizwa. Wa uhandisi huchora mitambo kwa programu nzito. Wa takwimu huchanganua data ya utafiti wake. Kazi hizi hazigawanyiki katika vipande vya nusu saa. Anayekatizwa dakika ya thelathini huanza upya, na anapoanza upya hurefusha foleni ile ile ambayo kanuni ilikusudia kuifupisha.

Suluhu yake inafahamika na haina gharama kubwa. Mashine chache huwekwa karibu na mlango, bila viti, kwa anayetaka kuchapisha ukurasa mmoja au kuthibitisha matokeo, naye hupewa dakika kumi. Zilizobaki hukodishwa kwa zamu ndefu zinazowekwa mapema, hata kwa simu, ili mtu wa Magongo ajue kabla ya kupanda matatu kama kiti chake kipo. Programu ya kusimamia zamu hizo hupatikana bure. Kinachokosekana kwa kawaida ni mtu mwenye mamlaka ya kuamua.

Na hapa pana ugonjwa wa zamani usiotajwa sana katika taarifa za vyuo. Chumba ni cha mkutubi, lakini mashine zilizomo ni za idara ya teknolojia. Mkutubi ndiye anayelaumiwa na wanafunzi, ilhali hana neno la siri la kurekebisha chochote. Mashine ikiharibika, barua huandikwa, nakala hupelekwa idara ya ununuzi, na wiki tatu hupita skrini ikiwa na karatasi iliyobandikwa kwa mkono kwamba haifanyi kazi. Fundi naye ana seva za malipo ya karo za kushughulikia, na hakuna atakayemfuta kazi kwa sababu ya tarakilishi moja ya maktaba. Kila mmoja ana udhuru wake na kila udhuru una ukweli ndani yake. Matokeo ni kwamba katika chumba chenye mashine thelathini huenda zinazowaka ni kumi na tano, na hesabu inayotolewa kwa wakaguzi ni thelathini.

Maktaba ikipewa fungu lake la matengenezo, hata likiwa dogo, pamoja na fundi mmoja anayewajibika kwa mkutubi, karatasi hizo zitapungua. Ni mabadiliko ya kiutawala tu, ndiyo maana hayana msisimko wa uzinduzi wenye utepe na wapiga picha.

Fundi huyo atakuwa na kazi nyingine. Katika miaka ya 2000, adui mkuu wa tarakilishi za umma alikuwa virusi vilivyosafiri ndani ya flashi kutoka saiba hadi maktaba na kurudi. Vyuo vilijikinga kwa programu kama Deep Freeze, ambayo hurejesha mashine katika hali yake ya awali kila inapozimwa na kuwashwa. Kinga hiyo ni bora, ila haina huruma. Umeme ukipotea mwanafunzi akiwa katika ukurasa wa arubaini wa tasnifu aliyoihifadhi mezani kwenye skrini, ukirudi kazi yake haipo. Na umeme hupotea. Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, na hitilafu kama hizo zikajirudia Novemba na Desemba mwaka huo. Kwa mkazi wa Changamwe, anayeona mitambo ya Kipevu kila siku, giza hilo lina kejeli yake.

Kila mwanafunzi akipewa nafasi ya kuhifadhi kazi zake katika seva ya chuo, na mashine zikiunganishwa na betri za kustahimili hata dakika kumi, msiba huo unaepukika. Kuwafundisha wanafunzi wapya jambo hili siku yao ya kwanza ni muhimu kuliko kuwatembeza katika rafu.

Kuhusu Windows 10, picha si mbaya kama wauzaji wa mashine wanavyopenda kuichora. Microsoft yenyewe ilitangaza kwamba taasisi za elimu zinaweza kununua masahihisho ya ziada kwa miaka mitatu: dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, dola 2 mwaka wa pili na dola 4 mwaka wa tatu. Maktaba yenye tarakilishi 100 ingelipa jumla ya dola 700 kwa miaka yote mitatu, yaani chini ya bei ya vipakatalishi viwili vizuri. Njia nyingine ni kuweka Linux, ambayo ni bure na huendesha vyema mashine za zamani. Maktaba nyingi za vyuo nchini zimekwisha kuizoea kwa mlango wa nyuma, kwani programu ya Koha wanayoitumia kuorodhesha vitabu huendeshwa juu yake. Ugumu hutokea kwa programu maalumu za uhandisi na takwimu zisizokubali Linux, na kwa hizo itabidi mashine kadhaa mpya zinunuliwe. Kadhaa, si zote. Anayedai kwamba mwaka 2025 uliua tarakilishi za maktaba ana haja nyingine.

Wapo watakaosema kila mwanafunzi ana simu. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na simu imefungua mengi. Lakini aliyewahi kujaribu kupanga jedwali la data au kusahihisha tasnifu ya kurasa 80 kwenye skrini ya upana wa kiganja anajua mipaka yake. Isitoshe, bando hulipiwa. Anayekosa nafasi maktabani huishia saiba, ambako nauli ya intaneti ilizoeleka kuwa shilingi moja kwa dakika: saa tatu za mtihani ni shilingi 180 kabla ya kuchapisha ukurasa wowote, na bado kuna nauli ya matatu.

Lipo jambo lenye uzito zaidi, ambalo wanafunzi wengi hawalijui. Vyuo vya Kenya hulipia majarida ya kitaalamu kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC, ulioanzishwa 2003. Kabla na sambamba na huo kulikuwa na mipango ya kimataifa kama HINARI ya majarida ya afya, iliyoanza 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani na wachapishaji, na AGORA ya kilimo iliyofuata 2003. Kwa hivyo makala ya kisayansi yanayosomwa Oxford au Cape Town yanaweza pia kusomwa Tudor.

Yanaweza, ila kwa sharti. Kwa kawaida mchapishaji hutambua mteja wake kwa nambari ya anwani ya mtandao wa chuo. Mwanafunzi akiwa ndani ya uwanja wa chuo, mlango hufunguka wenyewe, wala hajui kwamba kuna aliyelipa. Akirudi nyumbani Magongo na kufungua makala ile ile kwa simu yake, hukutana na ukurasa unaomtaka alipe dola thelathini au zaidi kwa makala moja. Hudhani hayapatikani. Hunakili muhtasari pekee na kuandika tasnifu juu ya muhtasari.

Huo ndio upotevu mkubwa kuliko wote katika mfumo mzima, na hauonekani kwa macho kwa kuwa hauna foleni. Bidhaa imelipiwa kwa fedha za umma na karo za wazazi, lakini husomwa tu na aliye karibu. Aliye mbali ni yule yule anayetumia saa mbili barabarani na mwenye sababu nyingi zaidi za kutaka kusoma akiwa nyumbani.

Ufumbuzi wake ni lango la kuingilia kwa nywila ya mwanafunzi, ambalo humpitisha kwenye mtandao wa chuo hata akiwa kwingine. Programu za kazi hiyo zimekuwepo tangu miaka ya 1990. Machi 2020, vyuo vilipofungwa ghafla kutokana na ugonjwa wa Covid-19, haja hiyo ilijitokeza bayana: KENET ilishauriana na kampuni za simu ili wanafunzi wapate bando za bei nafuu, na maktaba zilizokuwa zikijivuta zikaharakisha kufungua milango hiyo ya mbali. Kilichowezekana wakati wa janga hakikosi kuwezekana wakati wa amani. Swali la kuuliza kila chuo ni moja: je, lango lile bado lipo, linafanya kazi, na ni wanafunzi wangapi wameonyeshwa jinsi ya kulitumia?

Suala la vichujio nalo lahitaji kutazamwa kwa makini. Wasimamizi wengi huziba tovuti kwa kutumia orodha ya maneno, na mashine haijui muktadha. Mwanafunzi wa uuguzi anayetafuta habari za saratani ya matiti au afya ya uzazi huzuiwa pamoja na anayetafuta ponografia. YouTube ilizibwa enzi za setilaiti kwa sababu ya uzito wake. Leo wahadhiri wenyewe huweka masomo yao humo. Badala ya kuziba, fundi anaweza kupunguza kasi ya video saa za msongamano na kuiachilia saa za utulivu.

Marekani ilipopitisha sheria mwaka 2000 ya kuzitaka maktaba zinazopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya intaneti ziweke vichujio ili kuwalinda watoto, kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2003 mahakama iliiruhusu sheria hiyo, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba mtu mzima anaweza kumwomba mkutubi akiondoe kichujio. Wanafunzi wa chuo kikuu ni watu wazima. Utaratibu wa kumwomba mkutubi afungue ukurasa, bila kutakiwa kujieleza mbele ya foleni nzima, ni haki ndogo isiyogharimu kitu.

Pwani, swali hili lina makali zaidi. Tangu msako wa polisi katika baadhi ya misikiti ya Mombasa mwaka 2014, vijana wengi wa maeneo ya bara kama Likoni, Kisauni na Changamwe wamekuwa wakiishi na wasiwasi wa kushukiwa itikadi kali. Tuseme mwanafunzi wa masuala ya usalama, kwa ushauri wa mhadhiri wake, anasoma nyaraka za makundi ya kigaidi katika tarakilishi ya maktaba. Kumbukumbu ya seva itaonyesha jina lake, saa na ukurasa. Nani ana ruhusa ya kuisoma kumbukumbu hiyo? Huhifadhiwa kwa muda gani? Polisi wakija bila agizo la mahakama, mkutubi afanye nini?

Haya si mambo ya kubuni. Mei 2008, katika Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, mwanafunzi mmoja wa uzamili na mfanyakazi wa chuo walikamatwa chini ya sheria ya ugaidi kwa sababu ya waraka wa mafunzo wa al-Qaeda ambao mwanafunzi huyo alikuwa ameupakua kwa ajili ya utafiti wake kutoka tovuti ya serikali ya Marekani. Wakazuiliwa kwa siku kadhaa na kuachiliwa bila kushtakiwa kwa kosa la ugaidi, na mwaka 2011 polisi wakamlipa mwanafunzi fidia ya pauni 20,000.

Nchini Kenya, Kipengele cha 31 cha Katiba hulinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba 2019. Sheria hiyo humtaka yeyote anayekusanya habari za watu aeleze anazikusanya kwa nini, na asizihifadhi kupita haja. Taasisi za elimu hazikusamehewa: mwaka 2023 afisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Daftari la maktaba lenye majina, nambari za usajili na saa za kila mtu, lililoachwa wazi mezani asome kila apitaye, ni data ya watu vilevile. Chuo kinachohitaji kumbukumbu ili kumsaka mhalifu wa mtandaoni kina haki ya kuiweka kwa muda maalumu. Kuiweka milele kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuifuta ni uzembe.

Hoja inayopendwa na wengi ni kuongeza saa: maktaba ifunguliwe hadi saa nne za usiku. Anayefaidika na hilo ni anayelala bwenini au jirani na chuo. Msichana wa Mikindani au Port Reitz hawezi kuondoka Tudor saa nne, akabadilisha gari usiku na kutembea kichochoroni hadi kwao. Kwa wa Changamwe, saa ya alfajiri ingekuwa na thamani kuliko mbili za usiku, na tarakilishi iliyo karibu na kwao ingekuwa na thamani kuliko zote.

Hapo chuo hakiwezi peke yake. Katiba ya 2010 iliweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Serikali ya kitaifa nayo imeahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi nchini. Changamwe ina wadi tano: Port Reitz, Kipevu, Airport, Changamwe na Chaani. Ahadi za namna hii zimewahi kusikika, kwani vituo vya Pasha vya miaka ya 2009 na kuendelea vilizinduliwa kwa shangwe na vingi vikafifia mtaji wa kuviendesha ulipokwisha. Kilichokosekana ni taasisi ya kudumu ya kuviegemea. Chuo kikuu ni taasisi ya aina hiyo. Kituo cha wadi chenye mashine kumi, mlinzi na lango la kuingilia majarida ya KLISC kingekuwa tawi la maktaba bila chuo kujenga ukuta hata mmoja. KENET huendesha pia nchini huduma ya eduroam, inayomwezesha mwanafunzi wa chuo kimoja kuingia mtandaoni katika chuo kingine kwa nywila ile ile. Hakuna sababu ya kiufundi ya kuuzuia mfumo huo kufika katika jumba la umma Magongo.

Mawasiliano yenyewe bado yana udhaifu wake. Februari 2012 meli iliyotia nanga mahali palipokatazwa karibu na bandari ya Mombasa iliukata mkonga wa TEAMS, na Mei 2024 hitilafu katika mikonga ya EASSy na SEACOM ilipunguza kasi ya intaneti nchi nzima. Siku kama hizo, maktaba iliyohifadhi nakala za vitabu na mitihani ya zamani katika seva yake huendelea na kazi, na ile iliyotegemea ng'ambo kwa kila kitu hufunga mlango. Ule ujanja wa eGranary haujapitwa na wakati.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makadirio ya vyuo huandaliwa miezi kadhaa kabla. Mahali pa kutazama ni mistari miwili midogo katika makadirio hayo: fedha za matengenezo ya tarakilishi za maktaba, na fedha za lango la kusoma majarida kutoka nje ya chuo. Mstari wa kwanza ukiondolewa bila wa pili kuongezwa, orodha ya majina mezani pa mkutubi itakuwa imefutwa, na mwanafunzi wa Chaani atakuwa amerudishwa saiba.